Kwa Nini Dhahabu Ni Nzito?

Ndugu msomaji, tuseme jioni moja umeketi barazani kwako hapa Pasiansi. Magari yaendayo uwanja wa ndege yanapita, upepo wa ziwa umeanza kuvuma, mara mgeni anabisha hodi. Amevaa vizuri na maneno yake ni ya upole. Anatoa kitambaa mfukoni, anakifungua taratibu, na ndani yake mna kipande cha kitu cha manjano, kinang'aa, ukubwa wake kama kidole gumba. Anasema ametoka Geita, kuna msiba kwao, hana muda wa kungoja soko, naye yu tayari kukuachia dhahabu yake kwa nusu ya bei. Kabatini una akiba ya ada ya watoto. Utafanya nini?

Walio wengi hutazama rangi. Wengine hukiuma kwa meno, wengine hukisugua ukutani. Lakini rangi ni shahidi mwongo. Shaba ikichanganywa na zinki huwa ya manjano, nayo hung'aa kama kitasa kipya cha mlango. Yako pia mawe ya manjano yenye chuma na salfa ndani yake, ambayo yamewapumbaza watu katika nchi nyingi. Shahidi aliye bora ni uzito. Mtu aweza kukipaka kitu rangi yo yote apendayo, bali kuifanya shaba iwe na uzito wa dhahabu, hilo halimo katika uwezo wake.

Kwa nini basi dhahabu iwe nzito kuliko shaba, na shaba kuliko jiwe? Swali hili hata mtoto wa darasa la nne aweza kuliuliza, lakini wataalamu walihitaji zaidi ya miaka mia moja kulijibu sawasawa. Tulifuate pamoja, maana jibu lake laweza kukuokolea akiba yako; na kwa jamaa wengi wa pande hizi za ziwa laweza kuokoa hata afya za watoto.

KARAI LA MWOSHA DHAHABU

Sisi wa Mwanza tumezoea mawe. Yamepandana vilimani, mengine yamesimama majini kama lile la Bismarck, na katikati ya mengine watu wamejenga nyumba. Mtu akiyatazama hudhani hakuna kitu kizito kuliko hayo. Lakini uzito wa mwamba ule watokana na ukubwa wake tu. Chonga kipande chake cha sentimeta moja kila upande, kama dadu, kisha kipime: hakifiki hata gramu 3. Maji ya ukubwa ule ule ni gramu 1. Chuma ni karibu gramu 8, shaba karibu 9, risasi ni 11 na kitu. Dhahabu ni gramu 19 na zaidi.

Wachimbaji wadogo wa Geita wanaujua ukweli huu kwa mikono yao, hata wale ambao hawakuusoma kitabuni. Dhahabu ya huko, ng'ambo ya ghuba ambayo tangu mwaka 2025 twaivuka kwa daraja la Kigongo na Busisi, ina habari ndefu. Wajerumani waliigundua mwaka 1898; mgodi mkubwa ukafanya kazi tangu 1936 mpaka 1966; na mgodi mkubwa wa siku hizi ukaanza mwaka 2000. Nje ya mgodi huo wako watu wengi wenye sururu na makarai. Hao husaga mawe kwenye karasha, kisha huupitisha unga wake pamoja na maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa magunia. Maji hukokota mchanga kwenda zake, na dhahabu hukwama katika nyuzi za gunia. Mwisho mtu huzungusha karai: mchanga humwagika ukingoni, na chini kabisa hubaki mstari mwembamba wa manjano.

Punje moja ya dhahabu ina uzito wa punje saba za mchanga zilizo sawa nayo kwa ukubwa. Karai halina uganga wo wote. Linavitenga vitu kwa uzito wake, basi.

NDANI YA CHEMBE MOJA

Twaa sasa ile punje ya dhahabu, uigawe nusu kwa mawazo, na ile nusu uigawe tena, na tena, na tena. Utafika mahali ambapo ukigawa zaidi hupati dhahabu. Chembe hiyo ya mwisho ndiyo atomu. Dhahabu ina atomu zake, chuma kina zake, na hewa tunayovuta ina zake. Kitu chenye atomu za aina moja tu huitwa elementi. Elementi zinazojulikana leo ni 118, na baadhi yake zimetengenezwa na watu katika maabara, wala hazidumu.

Atomu nayo ina sehemu zake. Katikati mna kiini, na ndani ya kiini mna vijisehemu vya namna mbili: protoni, ambazo zina umeme, na nyutroni, ambazo hazina. Uzito wa protoni na nyutroni ni karibu sawa. Nje ya kiini ziko elektroni, nazo ni hafifu mno: elektroni zaidi ya 1,800 ndizo zinazofikia uzito wa protoni moja.

Ili uone atomu ilivyo, fikiri uwanja wa mpira wa Kirumba. Kama atomu ya dhahabu ingekuwa kubwa kama uwanja ule pamoja na majukwaa yake, kiini chake kingekuwa kama punje ya mahindi iliyowekwa katikati. Na katika uzito wote wa uwanja huo, ile punje ya mahindi peke yake ingebeba zaidi ya sehemu 99 katika kila 100. Sehemu nyingine yote, toka katikati mpaka ukutani, ni nafasi tupu na elektroni zake.

Hapo ndipo tumefika penye jibu la kwanza. Atomu huwa nzito kwa sababu kiini chake kina vijisehemu vingi. Haidrojeni, iliyo nyepesi kupita zote, kwa kawaida ina protoni 1 peke yake, na uzito wake huhesabiwa kuwa 1. Oksijeni ina protoni 8 na nyutroni 8, jumla 16. Chuma cha kawaida kina protoni 26 na nyutroni 30, jumla 56. Dhahabu ina protoni 79 na nyutroni 118, jumla 197. Maana yake, ukitaka kuilinganisha mizanini atomu moja ya dhahabu, yakupasa uweke atomu za haidrojeni karibu 197 upande wa pili. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha dhahabu kimejaa kweli kweli.

Angalia pia kwamba jina la elementi hutokana na protoni peke yake. Penye protoni 79 pana dhahabu. Ukiiongeza moja au kuipunguza moja, si dhahabu tena. Neno hili uliweke akilini, maana tutalihitaji mbele.

KWA NINI NYUTRONI ZIMEZIDI?

Msomaji mwangalifu ameona jambo. Oksijeni ina nyutroni sawa na protoni, nane kwa nane. Lakini dhahabu ina nyutroni 118 kwa protoni 79. Ziada hii ni ya nini?

Sababu ni ugomvi. Protoni zote zina umeme wa namna moja, na vitu vyenye umeme wa namna moja husukumana. Kuzibana pamoja katika kiini ni kama kuwafungia majogoo katika tenga moja. Iko nguvu nyingine inayozishika zisitawanyike, nayo ni kubwa sana, ila haifiki mbali: kila protoni hushikwa na majirani zake wa karibu tu, hali ule msukumo wa umeme hufika kiini kizima. Nyutroni zina faida hii, kwamba zinashika bila kusukuma. Kwa hiyo protoni zikizidi, nyutroni hazina budi kuzidi zaidi. Ugomvi wa ndugu wawili humalizwa na mzee mmoja. Ugomvi wa ukoo mzima hutaka baraza zima la wazee.

Hii ndiyo sababu uzito wa elementi hupanda upesi kuliko hesabu ya protoni. Protoni za dhahabu ni karibu mara kumi ya zile za oksijeni, lakini uzito wake ni zaidi ya mara kumi na mbili.

Hata hivyo baraza nalo lina mwisho wake. Kupita risasi, yenye protoni 82, hakuna elementi hata moja ambayo kiini chake hutulia daima. Urani, yenye protoni 92, hutupa nje vipande vidogo, na kila kipande ni protoni 2 na nyutroni 2. Hicho ndicho kiini cha heli, ile gesi ya kupandisha maputo. Kazi hiyo ni ya polepole ajabu: urani iliyo nyingi huhitaji karibu miaka milioni 4,500 hata nusu yake igeuke. Lakini miamba ya nchi yetu ni ya kale sana, na muda huo imekuwa nao. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba heli nyingi imejikusanya chini ya ardhi katika Bonde la Rukwa. Basi gesi nyepesi kabisa imezaliwa na elementi iliyo miongoni mwa zile nzito kabisa.

UZITO WA MMOJA NA UZITO WA DEBE

Sasa kuna tego, na wengi hunaswa hapa. Atomu ya risasi ina uzito wa 207, yaani imeipita atomu ya dhahabu. Lakini ukichukua kipande cha risasi na kipande cha dhahabu vilivyo sawa kwa ukubwa, dhahabu yashinda kwa mbali, gramu 19 kwa 11. Imekuwaje?

Wakulima wa pamba hawatapata shida kuelewa. Pamba iliyotawanyika ghalani hujaza chumba hata dari. Pamba ile ile ikishindiliwa na mashine ya kiwandani huwa robota moja la kukalia. Uzito haukuzidi; nafasi imepungua. Atomu za risasi zimejitanua, na zile za dhahabu zimebanana. Mahali wanapokaa risasi watano, dhahabu karibu tisa hupata nafasi. Kwa hiyo, ijapokuwa kila risasi mmoja ni mzito kidogo kuliko dhahabu mmoja, debe la dhahabu lina uzito kuliko debe la risasi.

Basi uzito wa kitu mkononi una sababu mbili: uzito wa kila atomu, na jinsi atomu zenyewe zilivyobanana. Tuijaribu hesabu hii kwa shaba. Atomu ya dhahabu ni nzito mara tatu na zaidi kuliko ya shaba, 197 kwa 63 na nusu. Lakini nafasi inayochukua haifiki mara moja na nusu. Matokeo yake, dhahabu kwa ukubwa ule ule ni nzito mara mbili na zaidi kidogo kuliko shaba. Hiyo ndiyo tofauti ambayo yule mgeni wako barazani hawezi kuificha.

MWALIMU WA SHULE NA KOSA LAKE

Labda utauliza, nani aliyeipima atomu, na mizani gani yaweza kubeba chembe isiyoonekana?

Aliyeanza ni mwalimu wa shule, John Dalton wa Uingereza, mtoto wa mfumaji nguo, ambaye alianza kufundisha akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka 1803 aliandika orodha ya kwanza ya uzito wa atomu. Hakupima atomu moja moja. Alilinganisha: ikiwa haidrojeni ni 1, oksijeni inayoungana nayo kufanya maji ni ngapi? Fikira hiyo ilikuwa njema, ila alidhani kila chembe ya maji ina haidrojeni moja na oksijeni moja. Kumbe haidrojeni ni mbili. Kwa hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1808 oksijeni ilipewa uzito wa 7, ambayo ni pungufu ya nusu ya ukweli. Hesabu za wataalamu zikagongana kwa muda mrefu, mpaka walipokutana Karlsruhe, Ujerumani, mwaka 1860, ambako Cannizzaro wa Italia aliwaonyesha njia ya kuzinyosha.

Tangu hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1869 Mendeleev wa Urusi alizipanga elementi kwa uzito, akaona tabia zake zinarudi kwa zamu, naye akaacha nafasi wazi kwa zile ambazo hazijaonekana. Baadhi yake zikapatikana yeye mwenyewe angali hai. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba atomu ina kiini. Alilijua hilo kutokana na kazi ya wasaidizi wake huko Manchester, waliorusha vijisehemu vyepesi juu ya jani jembamba la dhahabu: karibu vyote vikapita kama katika hewa tupu, na vichache mno vikarudi nyuma kama vilivyogonga ukuta. Mwaka 1932 Chadwick akaigundua nyutroni, na hesabu ya uzito ikakamilika.

NDUGU WASIOLINGANA

Imebaki ile nusu ya shaba. Kijisehemu hakigawanyiki nusu, sasa shaba imepataje uzito wa 63 na nusu?

Shaba zote zina protoni 29, lakini si zote zina nyutroni sawa. Karibu saba katika kila kumi zina nyutroni 34, jumla 63. Tatu zilizobaki zina nyutroni 36, jumla 65. Tabia zao ni moja, jina ni moja, ila uzito umetofautiana kidogo, kama watoto wa mama mmoja. Ukiweka sato kumi katika kapu, saba wadogo na watatu wakubwa, ukatafuta wastani, utapata uzito ambao hauna sato hata mmoja kapuni. Vivyo hivyo shaba. Dhahabu yetu ya ardhini, kwa upande wake, ni ya namna moja tu: kila atomu ni 197.

Hata maji ya ziwa hili yana ndugu wa namna hiyo. Katika kila haidrojeni elfu sita na zaidi, iko moja yenye nyutroni ndani yake, na uzito wake ni 2. Jua linapoyavuta maji, yale mepesi huondoka kwa urahisi zaidi. Ziwa Viktoria hupata maji yake mengi kwa mvua, na hupoteza mengi kwa jua. Kwa hiyo maji yanayobaki ziwani ni mazito kidogo kuliko ya mvua iliyoyaleta. Tofauti ni ndogo mno, hakuna ulimi utakaoionja, lakini mashine za wataalamu huipima.

JIRANI MBAYA WA DHAHABU

Sasa, ndugu msomaji, lile neno nililokuomba uliweke akilini. Penye protoni 79 pana dhahabu. Je, penye 80 pana nini?

Pana zebaki. Uzito wake kwa wastani ni 200 na nusu na kidogo, karibu sawa na wa dhahabu. Ni majirani wa mlango kwa mlango, wametengwa na protoni moja tu. Lakini mmoja ni pete ya arusi, na mwingine ni sumu itiririkayo kama maji.

Wachimbaji wadogo huitumia zebaki kwa sababu inashikana na dhahabu. Huimimina katika karai lenye mchanga mzito wa mwisho, huchanganya kwa mikono, kisha huukamua mchanganyiko katika kitambaa. Kinachobaki ni donge la rangi ya fedha. Donge hilo huchomwa motoni. Zebaki huondoka, dhahabu hubaki.

Zebaki huondoka kwenda wapi? Hili ndilo swali lililo kubwa kuliko yote katika makala haya. Watu husema "imeungua". Haikuungua. Moto huunguza kuni, kwa maana ya kuzipanga upya atomu zake ziwe moshi na majivu. Bali kiini cha atomu hakiguswi na moto wa jiko wala wa mkaa. Zebaki iliyochomwa ni zebaki ile ile, protoni 80 zile zile, ila sasa imo hewani, haionekani wala hainuki. Usidhani kwamba kwa kuwa ni nzito itaanguka chini mbali na pua yako. Mvuke wake huchanganyika na hewa, nawe unauvuta. Ukichomea donge jikoni, humshika mama aliye karibu na mtoto aliye mgongoni.

Zebaki mwilini huharibu akili na mishipa ya fahamu: mikono hutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hupungua, na figo huumia. Mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mradi wa Umoja wa Mataifa uliwapima wachimbaji wa Rwamagasa, Geita, na waliokuwa wakichoma donge walikutwa na zebaki nyingi mwilini kuliko wasioifanya kazi hiyo. Na inayoanguka udongoni na kuoshwa na mvua hadi majini haiozi. Wadudu wadogo wa matopeni huigeuza iwe ya namna mbaya zaidi, nayo huingia katika samaki wadogo, kisha katika wakubwa wanaowala. Huko Minamata, Japani, kiwanda kimoja kilimwaga zebaki ya namna hiyo katika ghuba, na mwaka 1956 ugonjwa wake ukatambuliwa miongoni mwa wavuvi na jamaa zao. Watoto walizaliwa wakiwa vilema. Kwa jina la mji huo mataifa yalifanya mkataba mwaka 2013 wa kupunguza matumizi ya zebaki, na nchi yetu imo.

Basi kama una ndugu au mwana machimboni, mwambie haya. Donge lisichomwe nyumbani, wala katika sufuria ambayo baadaye itapikiwa chakula. Akina mama wajawazito na watoto wasikae karibu. Na kama hana budi kuchoma, atumie chungu kidogo cha chuma kilichofungwa barabara, chenye mrija unaopozwa kwa maji: mvuke hupoa mrijani, zebaki hurudi kuwa ya maji, hukingwa na kutumiwa tena. Chungu kisifunguliwe kabla hakijapoa. Hivyo afya imehifadhiwa, na fedha ya kununulia zebaki mpya pia.

Na akija mtu kukuambia anayo dawa ya kuigeuza zebaki kuwa dhahabu, mfungulie mlango atoke. Kazi hiyo imewahi kufanyika, ndiyo, mwaka 1941 huko Marekani, kwa mashine za kupigia viini vya atomu. Dhahabu iliyopatikana ilikuwa kidogo sana, yenye miali ya hatari, wala haikudumu.

TURUDI BARAZANI

Mgeni wetu tulimwacha ameshika kitambaa chake. Mwambie angoje kidogo, ukalete mizani ndogo ya betri ya kupimia unga, gilasi ya maji na uzi.

Kwanza pima kile kipande. Tuseme kimekuwa gramu 193. Kisha weka gilasi ya maji juu ya mizani, na urudishe hesabu kwenye sufuri. Kifunge kipande kwa uzi, kitumbukize kizame chote, lakini kisiguse chini wala pembeni. Mizani itapanda. Gramu zilizopanda ni kipimo cha maji yaliyosogezwa, yaani ukubwa wa kipande. Sasa gawanya 193 kwa hesabu hiyo. Kama ni dhahabu safi, mizani itaonyesha gramu 10, na jibu lako ni 19 na kitu. Kama ni shaba na zinki, mizani itaonyesha 22 au 23, na jibu ni 8 na kitu. Kama ni risasi iliyopakwa rangi, utapata 11. Hapo mwaga maji, mrudishie mali yake, na umtakie safari njema.

Lakini kama jibu ni 19, bado usifungue kabati. Iko elementi iitwayo tangsteni, ambayo atomu yake ni nyepesi kuliko ya dhahabu, 184 kwa 197. Ila zimebanana zaidi, hata kwa ukubwa mmoja tofauti yao karibu haipo. Matapeli wakubwa wa dunia huifunika kwa dhahabu. Kwa hiyo maji yaweza kumuumbua mwongo, ila hayatoshi kumthibitisha mkweli. Dhahabu ya halali ina njia yake: tangu mwaka 2019 nchi yetu ina masoko ya madini, na hapa wilayani kwetu Ilemela kiwanda cha kusafisha dhahabu kilizinduliwa mwaka 2021. Wako wenye leseni, mizani na mashine za kuitambua elementi kwa protoni zake. Mwenye dhahabu ya kweli hana sababu ya kuwakimbia hao na kuja kukutafuta wewe barazani usiku.

Na ikiwa mgeni atakasirika kwa kuona mizani, basi amekwisha kukujibu. Kunja mkeka wako, funga mlango, na kesho asubuhi peleka ile akiba shuleni kulipa ada ya watoto.